Bi Sauti Hajalala

Asubuhi hiyo ukumbi wa kliniki ya mifupa ulikuwa umejaa pomoni. Waliopata viti walikaa, waliokosa waliegemea ukuta, na magongo yalilala kila mahali mpaka mtu akipita ilibidi aangalie asijikwae. Mbele ya dirisha la mapokezi alisimama mama wa miaka sabini na mbili. Gauni lake la zambarau lilikuwa limepigwa pasi likakubali, kitambaa cha kichwa kimefungwa upande kwa madaha, na rangi ya mdomo ilikuwa imepakwa na mkono usiotetemeka hata kidogo. Kando yake alisimama mwanawe wa pekee, meneja wa kampuni ya bima, jicho moja kwa mama na jicho moja kwenye simu.

Karani wa mapokezi alimtazama mama, kisha akamgeukia mwana.

"Bibi anasumbuliwa na nini?"

"Goti la kushoto," mwana akajibu.

"Anatembea mwenyewe? Chooni anajisaidia?"

Swali liliulizwa kwa sauti ya mtu anayenadi nguo sokoni, na ukumbi mzima ukalisikia. Mama alifungua kinywa ajibu, lakini mwanawe alimtangulia akasema bado anajitahidi. Bado anajitahidi! Mtu ambaye asubuhi hiyo alikuwa amejipikia chai, amefua vitambaa vyake na kushuka ngazi za ghorofa mbili kwa miguu yake, sasa alikuwa anaelezwa kama gari kuukuu linaloombewa lisizime njiani.

"Muulize mwenyewe," sauti ya kiume ikasema kutoka nyuma. "Si huyo kasimama mbele yako?"

Aliyesema ni mzee mrefu, mkavu, aliyevaa shati jeupe na suruali ya michezo yenye mistari pembeni, kofia ameishika mkononi. Karani alimjibu kwamba foleni ni ndefu na hana muda wa mabishano. Mzee naye akamjibu, bila kupandisha sauti, kwamba foleni ingekwenda haraka kama wenye magoti ndio wangeulizwa habari za magoti. Watu wakacheka. Hata karani akashindwa kujizuia, akamuuliza mama mwenyewe, na mama akajibu kwa ufasaha, akataja goti, dawa anazotumia na siku maumivu yalipoanza.

Yule mzee hakucheka. Alikuwa amesimama ameduwaa. Sauti ile aliijua. Kwa miaka mingi ilikuwa ikimsomea taarifa ya habari ya jioni redioni, nzito kidogo, isiyo na haraka, kila neno limekaa mahali pake.

"Ni wewe?" akamuuliza mama alipoondoka dirishani.

"Ndiye mimi. Nimestaafu, sijafa."

Huyo ndiye aliyeitwa Bi Sauti, jina alilopewa na wasikilizaji na likamganda mpaka mtaani. Na mzee yule watu walimwita Refa, kwa sababu nusu ya maisha yake aliyamaliza akichezesha mechi za mpira wa miguu, akitukanwa na mashabiki wa pande zote mbili. Goti lake la kulia lilikuwa limefanyiwa upasuaji. Mkewe alikuwa amefariki zamani, na aliishi peke yake katika nyumba ndogo ya vyumba viwili, mtaa wa pili kutoka kwa Bi Sauti, bila hata mmoja wao kujua.

Daktari aliwaandikia wote wawili mazoezi ya viungo, pale pale kliniki, mara mbili kwa wiki. Walikuwa kundi la wazee, wakinyanyua miguu wakiwa wamekaa vitini, wakiinuka bila kushika, wakitembea kisigino kwa kidole juu ya mstari uliochorwa sakafuni. Mtaalamu wa viungo, dada mmoja mcheshi, aliwaambia mguu usiotumika unalegea, na ukilegea ndipo mtu anapoanguka. Refa alijipa kazi ya kuchezesha. Bi Sauti akipumzika kabla ya muda, alimwonyesha kadi ya njano ya hewani.

"Unapoteza muda," alimwambia. "Timu yako inaongoza nini?"

"Refa, hata zamani ulikuwa unaona vibaya. Niliwahi kusoma habari ya ile penalti yako, nikaona aibu kwa niaba yako."

"Ile ilikuwa penalti halali."

"Nchi nzima ilisema siyo."

"Nchi nzima haikuwa na filimbi."

Utani ukahamia kwenye simu. Refa alimpigia kila alasiri. Alisema amezoea kusikia sauti ile jioni, na redio siku hizi imejaa watoto wanaokimbiza maneno kama wanafukuzwa. Bi Sauti alijifanya hana muda, huku akiwa ameshakaa kwenye kiti cha karibu na simu, miwani ameiweka pembeni. Alimwita Refa, yeye akamwita Sauti yangu. Mara ya kwanza alipolitamka hilo "yangu" Bi Sauti akamuuliza kama ana kibali.

Nyumba ya Bi Sauti ilikuwa ghorofa ya pili ya jengo la zamani lisilo na lifti. Aliinunua kwa mshahara wake, na tangu mumewe afariki aliishi hapo peke yake kwa hiari yake. Jirani wa chini alikuwa na ufunguo wa akiba. Bi Sauti hakuwa mjinga, alijua mwili wake umebadilika. Alikuwa ameshusha masufuria kutoka kabati la juu, ametandika mkeka wa mpira bafuni, na kuweka taa kali koridoni. Refa alipomshauri atoboe ukuta wa bafu aweke bomba la kushikilia, alifikiri wiki nzima ndipo akakubali. Alipomshauri aache viatu vya kisigino kabisa, alikataa papo hapo, akasema vya kwenda kliniki ataacha, vya kwenda harusini hataacha.

Ni hapo nyumbani Refa alipokutana na mwana kwa mara ya pili. Meneja alimkuta amekaa mezani anamenya viazi, shati jeupe limekunjwa mikono. Hakufurahi, lakini alikuwa mtu wa adabu. Wakati wa kuondoka alimvuta Refa ngazini, akampa namba yake ya simu, akamwomba akiona jambo lolote lisilo la kawaida ampigie. Refa aliiweka namba ile. Laiti angeitupa.

Alasiri moja walikuwa kwenye simu kama kawaida, wakibishana nani kati yao anakoroma kwa mujibu wa majirani. Bi Sauti alikuwa amebandika maharage. Alicheka, akasahau, akaendelea kucheka, mpaka moshi ukaanza kutoka jikoni. Alizima jiko, akafungua madirisha, akaweka sufuria kwenye maji. Jirani alipanda kuuliza, akaambiwa ni maharage tu, wakacheka pamoja. Kisha Bi Sauti akampigia tena Refa, akamsimulia, na kumsihi asimwambie mtu. Mwanawe akijua, alisema, atafanya sufuria moja kuwa janga la taifa.

Refa aliahidi. Lakini alipokata simu, woga ulimkamata. Aliona moto mahali palipokuwa na moshi tu. Alimwona ameanguka, amezimia, na yeye yuko mtaa wa pili hajui. Akajiambia kupenda ni kulinda. Kesho yake asubuhi akampigia mwana.

Meneja hakumpigia mama yake kuuliza. Alikuja na gari, mkewe, na vijana wawili wa kubeba mizigo. Alisema ni kwa siku chache tu, mpaka goti lipone, mpaka watafute namna. Bi Sauti alimuuliza nani kamwambia habari ya sufuria. Mwana akamtaja.

Bi Sauti alimpigia Refa akiwa kiti cha nyuma cha gari, mkwe wake kando yake akijifanya anatazama nje.

"Nilikuomba jambo moja."

"Niliogopa," Refa akasema.

"Ungeniambia mimi unaogopa. Mimi ndiye mwenye jiko. Wewe ukaenda kumwambia mwanangu, kama mwalimu anayemwita mzazi. Sasa napelekwa. Usinipigie tena."

Akakata. Na Refa, ambaye kwa maisha yake yote hakuwahi kubadilisha uamuzi uwanjani hata alipotupiwa chupa, alibaki ameishika simu, akijua kwamba huu aliufanya vibaya.

Nyumba ya Meneja ilikuwa kubwa, ina geti la chuma na bustani iliyokatwa vizuri. Chumba cha Bi Sauti kilikuwa na pazia jipya, kitanda kipana na televisheni ya ukutani. Mtu yeyote angeingia pale angesema mama amepata watoto. Na ni kweli alikuwa amepata watoto. Alichopoteza ni kila kitu kingine. Jikoni aliambiwa asiingie, sakafu inateleza. Bustanini asishuke, kuna kijingazi. Chumvi wakamwondolea, kisu wakakificha, na simu yake ikachukuliwa "ikachajiwe" chumbani kwa mwanawe, kwa sababu siku hizi kuna matapeli wanaowalenga wazee. Mazoezi ya kliniki yakasitishwa mpaka apate nguvu, kana kwamba nguvu inapatikana dukani. Dada wa kazi aliagizwa amfuate kila aendako. Binti yule naye aliona haya. Alikuwa anasimama nje ya mlango wa choo akiangalia ukuta.

Walisema naye kwa sauti kubwa, polepole, kama mtu mgeni wa lugha. Yeye! Mtu aliyefundisha watangazaji watatu waliokuja kuwa wakubwa namna ya kutamka neno. Akiuliza habari za nyumba yake aliambiwa, mama, usijisumbue na hayo. Akisema anataka kwenda sokoni aliambiwa, mama, unataka nini, tutakuletea. Akinyamaza walifurahi, wakasema ametulia.

Kisha ikaja nepi. Mkwe aliileta jioni, imekunjwa vizuri kwenye taulo, akaeleza kwa upole kwamba ni kwa ajili ya kulala tu, asihangaike kuamka kwenda chooni gizani. Bi Sauti aliitazama. Choo kilikuwa mlango wa pili kutoka kitandani kwake. Alisema hapana. Mkwe akasema mwanao ndiye ameomba, anaogopa utaanguka. Alikataa mara ya kwanza na ya pili. Safari ya tatu alikuwa amechoka kukataa mambo, na aliyechoka hivyo huvishwa chochote. Alilala akitazama dari, na machozi yake yalikuwa ya hasira, hayakuwa ya huzuni.

Siku moja, akiwa dirishani, alimwona Refa getini. Alikuwa amevaa suti, suti kabisa, ya kijivu, na kofia mkononi kama siku ile ya kliniki. Akashika fremu ya dirisha. Aliwaona yeye na mwanawe wakizungumza kidogo, wakapeana mikono, na Refa akageuka akaondoka bila hata kutazama juu. Bi Sauti akajikalia kitandani. Kumbe walikuwa bado wanaelewana, wale wawili. Kumbe bado alikuwa anatoa taarifa zake na kupokea shukrani. Toka siku hiyo aliacha kumngojea.

Na mwili nao ukaanza kumwacha. Mguu usiotumika unalegea. Dada wa kliniki alisema kweli. Kuinuka kitini kukawa kazi, ngazi tatu za barazani zikawa mlima. Kila alivyozidi kulegea, ndivyo mwanawe alivyozidi kusema, unaona, ndiyo maana tulikuleta hapa. Walimdhoofisha kwa mapenzi, kisha wakatumia udhaifu wake kama ushahidi.

Jumapili moja kukawa na wageni wa chakula cha mchana: mkuu wa kampuni ya bima na mkewe. Bi Sauti alivishwa gauni jipya la rangi ya maziwa ambalo hakulichagua, akakalishwa mwisho wa meza. Mazungumzo yalipita juu ya kichwa chake kama ndege. Mke wa mkuu, mama wa makamo mwenye hereni kubwa, alimsifu mkwe.

"Mmejitahidi kwa kweli. Bibi anaonekana ametulia sana."

"Tunamshukuru Mungu," mkwe akasema. "Na sasa tumempatia mpangaji wa ile nyumba yake ya mjini. Anaingia mwisho wa mwezi."

Bi Sauti aliweka kijiko mezani.

"Mpangaji wa nyumba gani?"

Mwanawe aliinua uso haraka. "Mama, hilo tutaongea baadaye."

"Tutaongea sasa." Ilikuwa ile sauti. Haikupanda hata kidogo, lakini meza nzima iliacha kutafuna. "Nyumba ile niliinunua nikisoma taarifa ya alfajiri na mimba yako tumboni. Vitu vyangu viko wapi?"

Mwana alisema viko salama kwenye maboksi. Alisema alitaka kumwambia, alikuwa anangoja wakati mzuri. Alisema yote ni kwa usalama wake.

"Umeniondoa jikoni kwangu kwa usalama. Ukanichukulia simu kwa usalama. Umenivalisha nepi, mwanangu, mimi ninayejua choo kilipo, ili usiku usihangaike. Sasa unaipangisha nyumba yangu nami nimekaa hapa nakula wali. Nilipokuja hapa nilikuwa natembea. Nitazame sasa. Haya maradhi nimeyapata kwako."

Mkwe aliinamisha kichwa. Mkuu wa kampuni aligundua jambo la kuvutia sana kwenye sahani yake. Bi Sauti hakuona aibu kulitaja lile neno mbele ya wageni. Aibu haikuwa yake.

Akamgeukia yule mama wa hereni, akamwomba amwazime simu. Mama yule akaitoa mara moja, akiwa na machozi machoni, kwa kuwa naye alikuwa na mama yake nyumbani. Namba ya Refa Bi Sauti aliijua kwa moyo. Alijikongoja hadi barazani, akashika ukuta, akapiga.

"Refa."

Upande wa pili redio ilizimwa. Kisha: "Sauti yangu."

"Bado si yako. Ulikuja hapa getini. Ukapeana mkono na mwanangu, ukaondoka. Mlikuwa mnapatana nini?"

"Aliniambia umelala."

"Mchana ule?"

"Mchana ule. Na kwamba umesema hutaki kuniona."

"Na wewe ukaamini."

"La kulala sikuliamini. La kutotaka kuniona nililiamini, maana nilistahili. Nikampa mkono kwa sababu sikujua la kufanya na mkono. Nilikuja kukuomba radhi, Sauti. Nilivaa mpaka suti."

"Niliiona. Imekupwaya."

"Nimekonda."

Bi Sauti alijiegemeza ukutani. Hasira yake ilikuwepo yote, nzima, lakini kulikuwa na kitu kingine kimekaa pembeni yake sasa.

"Bado nimekukasirikia," akasema.

"Nikasirikie. Ila nikasirikie ukiwa karibu."

"Kesho narudi kwangu. Sikuombi uje kunichukua, nitakwenda mwenyewe. Nakwambia tu ili ujue nitakapokuwa."

"Nimesikia. Nikikutana nawe ngazini?"

"Ngazi si zangu peke yangu."

Wageni walipoondoka, mapema na kwa haraka, mwana alimfuata mama yake chumbani. Alikuwa amejiandaa kugomba, na kwa muda aligomba kweli. Alisema amemwaibisha mbele ya mkuu wake. Alisema hajui mzigo anaoubeba. Kisha ghafla akakaa kitandani, mtu mzima yule, akaanza kusema habari za baba yake. Yeye ndiye aliyemkuta bafuni. Ndiye aliyevunja mlango. Baba alikuwa amelala sakafuni tangu usiku, mama yuko safarini, na hakuna aliyejua. Tangu siku ile, alisema, kila simu ikilia asubuhi anahisi ni habari ile ile.

Bi Sauti alimsikiliza hadi mwisho. Hakujua kwamba mwanawe alikuwa bado anavunja mlango ule kila siku. Alimshika kisogo kama alivyomshika alipokuwa mdogo.

"Mimi pia naogopa," akamwambia. "Alikuwa mume wangu. Lakini naogopa nikiwa nimesimama. Wewe umenilaza ili uache kuogopa, na bado unaogopa, sasa imesaidia nini?"

Wakapatana jambo moja: kila asubuhi akiamka, mama atampigia. Asipopiga, aje mbio na aulete ulimwengu mzima. Akipiga, amwache aishi. Mwana alikubali shingo upande. Na mpangaji je? Bi Sauti akasema mwana ampigie huyo sasa hivi na kumwambia nyumba haipangishwi, wakiwa wamekaa hapo hapo. Akampigia.

Kesho yake mwana alimrudisha. Alibeba maboksi juu kwa mikono yake mwenyewe, bila kuita vijana, jasho likimtiririka kwenye shati la ofisi. Mama alipanda nyuma yake, na ilimchukua muda mrefu kuliko alivyokumbuka. Kwenye kituo cha katikati ya ngazi Refa alikuwa amesimama. Hakunyoosha mkono. Alisema tu habari za asubuhi, na kuwapisha. Bi Sauti alisimama kupumua. Akamtazama juu hadi chini, kisha akamwambia kama hana kazi nyingine, boksi la vitabu limebaki chini. Refa na mwana wakalipandisha pamoja, kila mmoja na upande wake. Mlangoni Meneja akamwambia Refa kwamba mama hakuwa amelala siku ile. Refa akajibu kwamba alijua. Wakaachana hapo.

Haikuwa rahisi. Miezi ile ya kukaa ilikuwa imemla miguu, na ilibidi aanze upya kliniki kama mtu aliyevunjika. Dada wa viungo alikasirika alipomwona, akauliza nani kamkalisha hivi. Bi Sauti alifanya mazoezi asubuhi na jioni, akishika meza, akishika mlango, akiacha kushika. Goti liliuma. Kuna siku alilia. Kuna siku hakushuka kabisa, akamtuma Refa sokoni na kumlaumu kwa nyanya alizoleta. Lakini pole pole ngazi zikarudi kuwa ngazi. Refa alikuja mchana na kuondoka jioni, na alijifunza kuuliza. Nikushike? Nikusubiri? Mara nyingi jibu lilikuwa nisubiri. Na alisubiri.

Mwana hakuwa mtu mpya mara moja. Asubuhi nyingine simu ya mama ilipochelewa alikuwa tayari ndani ya gari. Lakini alianza kuja Jumapili bila kukagua bafu, akala chakula cha mama yake chenye chumvi, akauliza habari za mtaani na kusubiri majibu.

Basi siku moja, mchana mweupe, Bi Sauti na Refa walikuwa jikoni. Yeye anakaanga vitunguu, Refa anachambua mchele mezani. Bi Sauti alizima jiko, akageuka kuchukua sahani, na mguu ukakanyaga maji yaliyomwagika sakafuni kutoka kwenye sinki. Alishuka taratibu, mgongo ukisuguana na kabati, mpaka akawa amekaa sakafuni na sahani bado iko mkononi, nzima.

Refa alikuwa amekwisha simama. Mkono wake ulikwenda mfukoni kwenye simu, ukaishia hapo hapo njiani, akaurudisha.

"Nikuinue?"

"Hapana. Niache kwanza nijisikilize."

Akamwacha. Kisha, kwa kuwa hakuweza kusimama juu yake kama mti, akaanza naye kushuka: mkono mezani, mkono kwenye kiti, goti zuri kwanza, goti baya likalalamika, mpaka akakaa sakafuni kando yake, miguu yote minne imenyooka mbele yao. Akamuuliza kiuno, kifundo cha mkono, kichwa. Vyote vizima. Kilichoumia ni makalio na heshima, Bi Sauti akasema, na vyote vitapona.

Wakakaa. Vitunguu vilinukia vizuri.

"Nilikuwa na neno," Refa akasema. "Nilipanga kulisema tukiwa tumevaa vizuri."

"Suti yako imekupwaya, sema hivyo hivyo."

"Nataka tuoane."

Bi Sauti aliweka sahani sakafuni. Alimuuliza watakaa wapi, akajibiwa popote atakapo. Akasema hapa, kwake. Na ile nyumba ya vyumba viwili asiiachie, ili siku wakigombana awe na pa kwenda kununa. Refa akakubali, akasema ataacha godoro moja kule. Bi Sauti akamuuliza, na mwanangu je?

"Huyo utamwambia wewe," Refa akasema. "Mimi simpigii mtu simu."

Bi Sauti akacheka. Alicheka mpaka akalazimika kuvua miwani, na Refa akacheka kwa kumwona anavyocheka, wazee wawili sakafuni, mchele mezani haujachambuliwa.

"Haya," akasema alipopata pumzi. "Nimekubali. Sasa tuinuke, vitunguu vinapoa."

Alijigeuza taratibu akapiga magoti, kama alivyofundishwa. Akavuta kiti, akakishika kwa mikono miwili, akaweka mguu wenye nguvu mbele, akajisukuma. Mara ya kwanza alirudi chini. Refa alifumbata vidole mapajani. Mara ya pili alisimama. Akanyoosha gauni, akarekebisha kitambaa cha kichwa, akapumua.

Kisha akajishikiza kwa meza, akainama kidogo, akampa Refa mkono.

"Haya, wewe sasa."